Enameli juu ya fedha: tatizo limeanzia chini ya rangi

Swali: Mimi ni sonara wa fedha hapa Mombasa, kazi niliyoirithi kwa baba yangu. Mteja ameniletea picha ya hereni zenye rangi inayopitisha mwanga, ukizinyanyua juani unaona upande wa pili, akataka nimtengenezee kama hizo. Nilianza na resini, ikageuka manjano kabla mwaka haujaisha. Kisha nikaagiza unga wa enameli kutoka nje, nikauchoma kwa tochi juu ya bamba jembamba la fedha niliyoiyeyusha kutoka bangili kuukuu. Bluu ilitoka na ukungu, kingo zikawa nyeusi, na siku chache baadaye kipande kikapasuka chenyewe mezani bila kuguswa na mtu. Nimekosea wapi? Nianze na ufundi upi? Na je, vitu hivi vinavalika kila siku au ni vya kuwekwa kabatini?

Jibu: Fundi mwenzangu, umeuliza maswali matatu, lakini ukilielewa vizuri la kwanza, mengine yatakuwa mepesi. Unga wako hauna neno, na mkono wako pia hauna kosa kubwa. Ukungu, weusi na ufa vimetoka kwenye fedha yenyewe na jinsi ulivyoiandaa. Ukikimbilia kununua unga wa bei zaidi, utapata matokeo yaleyale.

Resini tuimalize upesi. Ile ni plastiki ya maji inayoganda ikichanganywa na dawa yake. Jua huigeuza manjano, na ncha ya sindano huikwaruza. Enameli ya moto ni kioo: silika, boraksi, magadi au potasi, pamoja na madini ya kutia rangi, vikayeyushwa pamoja, vikapozwa, vikasagwa. Kobalti huleta bluu. Shaba huleta kijani na feruzi, manganizi huleta zambarau, dhahabu kidogo sana huleta wekundu, na oksidi ya bati huziba mwanga ili kioo kiwe cheupe. Unga huo unalazwa juu ya metali na kuyeyushwa tena kwenye moto wa nyuzi 750 hadi 850 za Selsiasi, ukashikana nayo. Rangi imo ndani ya kioo chenyewe. Ndiyo maana pete za dhahabu zilizofukuliwa Kouklia, huko Saiprasi, kazi ya karne ya 13 kabla ya Kristo, bado zinaoneshwa leo kama mifano ya mwanzo kabisa ya enameli ya vijumba vya waya. Madukani vitu vyote viwili huitwa enameli. Wewe mwambie mteja wako ukweli kuhusu kile unachomuuzia, kwa sababu kazi yake hailingani, na bei haipaswi kulingana.

Sasa tuje kwenye bangili kuukuu. Fedha ya zamani ya mwambao wetu na ya Oman, sehemu kubwa ilitoka kwenye reale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 zilizoendelea kupigwa kwa mwaka huohuo miaka mingi baada ya malkia huyo wa Austria mwenyewe kufa. Masonara walizipima kwa uzito na kuziyeyusha. Reale hizo zina sehemu 833 za fedha katika 1000, na iliyobaki ni shaba. Kwa bangili hilo ni jema, maana shaba huipa fedha ugumu. Kwa enameli ni balaa mara mbili. Kwanza, fedha na shaba vikikutana kwa kipimo kile, mchanganyiko huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 779, ingawa fedha tupu huvumilia hadi 961 na shaba tupu hadi 1085. Ina maana bamba lako lilikuwa linaanza kulegea kwa ndani wakati kioo nacho kinataka moto wake. Pili, shaba iliyo karibu na uso wa bamba inakutana na hewa ndani ya moto na kuwa oksidi, nyeusi au nyekundu iliyofifia. Oksidi hiyo huingia ndani ya kioo. Hapo ndipo bluu yako ilipopata ukungu, na kingo, ambako kioo ni chembamba, zikawa nyeusi.

Fedha ya 925 ni afadhali, lakini haijakuokoa. Hiyo nayo huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800, na ina shaba ya kutosha kutia doa.

Dawa ni kutumia fedha safi, 999. Najua utaniambia ni laini mno. Ni kweli, na kila sonara anayeanza enameli hulileta neno hilo. Lakini fikiria unavyofanya na jiwe: hulitegemei jiwe libebe pete. Kipande cha enameli nacho kitengeneze peke yake kwa fedha 999, kikiwa tayari ukakishike ndani ya fremu ya 925 kwa ukingo wa kukunja, vilevile unavyoshika akiki. Kulabu, bawaba, pini, kila kinachobeba uzito kiwe kwenye fremu. Kwa njia hii huhitaji kulehemu chochote karibu na kioo, na zinki iliyo kwenye lehemu, ambayo nayo huharibu enameli, inakaa mbali. Tena fedha safi si ngumu kwako kuipata: kama unanunua chembe za 999 na kuzichanganya na shaba mwenyewe, basi safari hii usizichanganye.

Ikiwa huna budi kutumia 925, kuna njia ya kuvuta fedha safi ije juu. Lipashe bamba moto mpaka lianze wekundu hafifu, liache lipoe kidogo, litie kwenye maji ya asidi yaondoe oksidi ya shaba, lisugue kwa brashi laini na sabuni, kisha rudia. Kila mzunguko unapunguza shaba kwenye uso. Bamba likitoka motoni bado jeupe kama maziwa bila doa, limekuwa tayari. Baada ya hapo usilipige msasa wala tupa, maana utakuwa umeivua ile ngozi uliyoihangaikia. Kwa asidi ya kusafishia, unga wa asidi ya sitriki ulioyeyushwa kwenye maji ya moto unatosha kabisa. Ni asidi ileile iliyomo kwenye ndimu, na harufu yake haitakufukuza kwenye karakana. Ya salfa acha kwa wanaojua kuitunza.

Ufa ndilo jambo linalowavunja watu moyo kuliko yote, kwa sababu unakuja baada ya kushangilia.

Kila kitu kikipata moto hutanuka, kikipoa husinyaa, lakini si kwa kiasi kimoja. Kwa kila nyuzi moja, fedha hutanuka kama sehemu 19 katika milioni ya urefu wake, shaba nyekundu kama 17, dhahabu kama 14. Kioo cha enameli hutengenezwa kitanuke kidogo kuliko metali. Kipande kikipoa, metali inasinyaa zaidi na kukibana kioo, na kioo kikibanwa hakina shida, ni imara sana. Kinachokiua ni kuvutwa. Bamba lako lilikuwa jembamba na lina kioo upande mmoja tu, kwa hiyo metali iliposinyaa, bamba zima lilipinda. Likibaki limepinda kuna sehemu za kioo zinazovutwa siku nzima, usiku kucha, mpaka siku moja, bila mtu kuligusa, mahali padogo penye dosari panaachia.

Mafundi wa kale hawakuwa na tarakimu hizi, lakini tiba waliijua: kupaka enameli mgongoni pia. Ukiweka kioo pande zote mbili kwa unene unaokaribiana, nguvu zinavutana na kulingana, bamba halipindi. Ukipata kushika kidani cha zamani cha Jaipur, India, kigeuze. Mbele kuna vito, nyuma, upande unaogusa kifua ambao hakuna anayeuona, kuna maua ya enameli nyekundu na kijani juu ya ardhi nyeupe. Watu husema ni anasa ya mvaaji kujua siri yake. Anasa ipo, sikatai, lakini mgongo ule pia huzuia dhahabu laini isisagike kwenye ngozi na nguo.

Basi mgongo upakwe, hilo liwe sharti lako la kwanza. Tumia mabaki ya rangi yaliyochanganyika, hakuna atakayeuliza. Jambo la pili, lifanye bamba liwe na mbinuko kidogo, lisiwe bapa kabisa. Mbinuko mdogo tu hulipa ukakamavu. La tatu, bamba la milimita 0.8 hadi 1 linatosha kwa hereni, nusu ya hapo ni kujitafutia taabu mapema. La nne, kioo kiwe na unene unaolingana kila mahali, na tabaka ziwe nyembamba nyingi badala ya moja nene. Na kipande kikitoka motoni kiache kipoe juu ya wavu, mbali na feni na mbali na dirisha la upepo wa bahari. Usikitie kwenye maji.

Kuhusu tochi. Inawezekana kuchoma enameli kwa tochi, na kuna mafundi wazuri wanaofanya hivyo miaka yote, lakini moto lazima utoke chini ya bamba, kamwe usigonge unga. Mwali wenye gesi nyingi na hewa kidogo huacha masizi, na kama unga una madini ya risasi, mwali huo huirudisha risasi kuwa metali na kioo kinaingia ukijivu usioondoka. Nadhani sehemu ya weusi wako imetoka hapa. Tanuri dogo la umeme lenye kipimo cha joto ndicho kifaa pekee ambacho ningekushauri ukope pesa kukinunua. Vingine vyote unavyo au utavitengeneza.

Na kabla ya tanuri kuna kuosha unga, kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu haionekani. Unga wa dukani una vumbi laini sana ndani yake, na vumbi hilo ndilo linaloleta ukungu hata juu ya dhahabu safi. Tia unga kwenye glasi, ongeza maji, koroga, subiri chembe nzito zitue, mwaga maji ya juu yaliyochafuka. Rudia mpaka maji yawe safi. Suuza mwisho kwa maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za magari (hakikisha ni maji na si asidi). Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi huacha alama. Enameli nzito isiyopitisha mwanga husamehe unga usiooshwa. Angavu haisamehi hata kidogo.

Unga mbichi unaupanga kwa brashi nyembamba, unaufyonza maji kwa ncha ya kitambaa safi, unauacha ukauke kabisa juu ya tanuri. Unyevu ukibaki, maji yatachemka na kurusha chembe huku na huku. Tanuri likiwa kwenye nyuzi 800 hivi, kipande kidogo hukaa dakika moja na nusu hadi tatu. Usitegemee saa, chungulia. Kwanza unga unakuwa mweusi kidogo na wenye chembe kama sukari, kisha unavimba na kuwa na vijibonde vya ganda la chungwa, halafu unanyooka na kung'aa. Tabaka za mwanzo unaweza kuzitoa kwenye hatua ya ganda la chungwa. Tabaka ya mwisho ndiyo inayopewa moto wa kung'aa. Ukiuzidisha, kingo zinajikunja na kuacha metali wazi.

Umeuliza uanze na ufundi upi. Karibu kila mtu hutaka kuanza na vijumba vya waya, kloazone kama Wafaransa wanavyouita, kwa sababu picha zake ndizo zilizojaa kila mahali. Unakunja waya bapa wa fedha safi kufuata mchoro, unausimamisha juu ya bamba, kila kijumba kinajazwa rangi yake, kisha uso wote unasagwa kwa jiwe ndani ya maji hadi waya na kioo vilingane. Ni ufundi wenye heshima kubwa. Pala d'Oro, pambo la dhahabu la madhabahu ya Kanisa la Mtakatifu Marko kule Venice, ni ya aina hiyo, na hata nchi ya Georgia ya zama za kati ilifikia kiwango kilekile: sanamu takatifu ya Khakhuli, iliyopo Tbilisi, mji mkuu wake, imekusanya vipande vya enameli zaidi ya 100. Ufundi huo, unaoitwa huko minankari, ulififia karne nyingi ukafufuliwa karne ya 20, na leo Tbilisi ina karakana ndogo nyingi zinazouza pete na hereni za minankari za fedha. Nyingine ni nzuri sana, nyingine ni zawadi za watalii. Utazitofautisha kwa kuangalia makutano ya waya: kwenye kazi nzuri hakuna pengo, wala kioo hakijapanda juu ya waya.

Japani walifika mbali zaidi kwa njia ya kemia. Gottfried Wagener, mkemia Mjerumani, alisaidia karakana za Kyoto kupata enameli mpya miaka ya 1870, na Namikawa Yasuyuki wa Kyoto akaendeleza weusi unaong'aa ambao bado watu wanauhusudu. Mwaka 1896 yeye na Namikawa Sosuke wa Tokyo, ambao hawana undugu ingawa majina yanafanana, waliteuliwa wasanii wa nyumba ya mfalme. Sosuke alijulikana kwa kuziondoa waya kabla ya moto wa mwisho, rangi zikabaki zikigusana bila mpaka. Nyumba ya Yasuyuki imekuwa jumba la makumbusho. Hivyo vingi ni vyombo, si vito, lakini kama unataka kujua kioo kinaweza kufikishwa wapi, tazama picha za kazi zake.

Kuna mtego mmoja ndani ya kloazone ambao lazima nikutahadharishe. Ukiamua kujifunzia kwenye shaba nyekundu kwa sababu ni rahisi, usiweke waya wa fedha moja kwa moja juu ya shaba. Rudi kwenye ile tarakimu ya 779: pale fedha inapogusa shaba, joto likifika hapo vinayeyukiana, na waya wako unazama ndani ya bamba ukiwa unatazama. Choma kwanza tabaka ya kioo angavu, kisha waya usimame juu ya kioo. Na shaba ya njano usiiguse kabisa, kwa sababu ya zinki yake.

Lakini nikiwa mimi ni wewe, nisingeanza na waya.

Sonara wa mwambao anajua kuchonga. Maua, mizabibu, miduara inayopishana, unavyo mkononi tayari. Kuna ufundi wa enameli unaohitaji hicho hicho: bastai. Unachonga mchoro kwenye fedha kwa kina kinachopishana, pengine milimita 0.1 hapa na 0.3 pale, kisha unafunika eneo zima kwa enameli angavu ya rangi moja. Penye kina kioo kinakuwa kinene, rangi inakolea. Penye uso wa juu rangi inakuwa nyepesi, na mikato yote ya kalamu inarudisha mwanga kutoka chini. Hakuna waya, hakuna mipaka ya kujaza. Fedha safi iliyochongwa upya, ingali inametameta, ndiyo inayofanya kazi. Kikombe cha dhahabu cha wafalme kilichopo British Museum, kazi ya Ufaransa ya karne ya 14 mwishoni, ni bastai kuanzia juu hadi chini, na karakana ya Fabergé, sonara wa wafalme wa Urusi, ilitumia wazo hilohilo juu ya michoro iliyochongwa kwa mashine. Wewe huhitaji mashine. Kwa maoni yangu mashine huifanya kazi iwe baridi.

Chagua bluu, kijani au zambarau kwa kuanzia. Rangi hizo hupendeza juu ya fedha. Nyekundu, chungwa na waridi angavu mara nyingi huingia kahawia zikigusa fedha, na zinahitaji kwanza tabaka ya kioo kisicho na rangi, au karatasi nyembamba ya dhahabu chini yake. Kabla ya kupaka kipande chochote cha mteja, tengeneza vibamba vya majaribio: kila rangi juu ya fedha tupu, juu ya kioo kisicho na rangi, na juu ya nyeupe. Andika nyuma yake namba ya rangi na joto. Picha ya mtengenezaji wa unga isikudanganye. Na unga wenye risasi usiuchanganye na usio na risasi kwenye kipande kimoja, kwani havitanuki wala haviyeyuki kwa namna moja. Watengenezaji kama Thompson wa Kentucky, Marekani, siku hizi wanauza isiyo na risasi. Ningekushauri uchague huo na ubaki nao.

Hereni za mteja wako sasa. Alichokuonesha ni plikajuri, enameli isiyo na mgongo. Kijumba kinakatwa wazi pande zote mbili, unga ulioloweshwa unashikwa na maji kati ya kuta, unachomwa, unasinyaa, unaongezwa, unachomwa tena, mara nyingi, mpaka kioo kizibe dirisha. Njia nyingine ni kuweka bamba la ulanga au karatasi ya shaba nyuma, kisha kuliondoa, shaba ikiliwa na asidi. Angalia ugumu wake: yale yote niliyokwambia kuhusu mgongo hapa hayapo. Kioo kimesimama chenyewe, kimeshikwa kingoni tu. Kikombe cha Mérode kule makumbusho ya Victoria and Albert, London, cha mwanzoni mwa karne ya 15, ni kati ya mifano michache mno ya zama za kati iliyosalia, na si ajabu. Mwishoni mwa karne ya 19 sonara Mfaransa René Lalique aliufufua kwa mabawa ya wadudu. Pambo lake la kifuani la mwanamke anayetoka kwenye kinywa cha kereng'ende, la mwaka 1897 au 1898, liko makumbusho ya Gulbenkian, Lisbon, na mabawa yale ni plikajuri ya dhahabu. Ukubwa wa vijumba vyake una siri: ni vidogo. Ukizidisha milimita 5 au 6 kwa upana, unga unadondoka kabla haujashikana, na ukifanikiwa, ufa unakusubiri.

Kwa hiyo usichukue malipo ya awali ya hereni zile kwa sasa. Mpe hereni za bastai ya kijani au bluu, mnyanyulie kwenye mwanga azione, na umwambie madirisha yatakuja ukishatoa vipande vingi vya majaribio bila ufa. Wateja wengi hukubali wakioneshwa kitu mkononi.

Nikueleze pia kwa nini vito vya enameli vya leo vinavyokusanywa na makumbusho havifanani na vya zamani, maana utaviona mtandaoni na kujiuliza kama fundi amekosea. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani walitokea wasanii wa karakana ndogo, mtu mmoja akibuni na kuchoma mwenyewe. June Schwarcz (1918–2015), aliyefanya kazi zake Sausalito, California, alikunja na kushona karatasi nyembamba mno ya shaba, akaijenga unene kwa kuizamisha kwenye kimiminika chenye shaba na umeme, ndipo akaichoma enameli. Yeye alitengeneza vyombo, lakini wazo likahamia kwenye vito. Jamie Bennett alitumia maganda ya shaba yaliyojengwa kwa umeme, ili enameli izunguke kipande chote bila ukingo wa metali kuonekana, kisha akaua mng'ao, uso ukawa mkavu kama jiwe la mto. William Harper naye alishika kloazone ya waya wa dhahabu na kuiweka pamoja na magamba ya kombe na mifupa, vito vyenye sura ya hirizi. Tazama kwamba hakuna hata mmoja aliyeidharau metali. Schwarcz alipata uhuru wake kwa sababu alitafuta kwanza namna ya kuifanya karatasi laini iwe na unene wa kuhimili kioo. Sipendi kila kitu cha mkondo huu. Kuna pini nyingi zenye enameli iliyoachwa nusu mbichi kwa makusudi, nazo huniacha nikitafuta kusudi lenyewe. Lakini uso mkavu usiong'aa ujaribu: unausaga kwa jiwe na pedi za almasi ndani ya maji na hurudishi motoni. Mchongo wa bastai ukiufunika na kioo kikavu unaonekana kama upo chini ya maji yaliyotulia.

Afya kwa ufupi, lakini usiruke. Usisage wala kuchekecha unga bila barakoa ya vumbi inayobana uso, kwa maana vumbi la kioo halitoki kwenye mapafu. Rangi nyingine, hasa nyekundu na njano nzito, zina kadimiamu. Saga ndani ya maji daima, usile wala kunywa chai kwenye meza ileile, na maji ya kuoshea unga usiyamwage bustanini. Vaa miwani unapochungulia tanuri.

Kuhusu kuvaa kila siku: hereni, kidani na pini vinavalika bila wasiwasi. Enameli haipauki kwa jua wala jasho. Pete na bangili ni habari nyingine, kwa sababu zinagonga meza, mlango, sinia, na mchanga wa pwani ni mgumu kuliko kioo chako. Ukitengeneza pete, kioo kikae chini kidogo ya ukingo wa fedha ili pigo lipokelewe na fedha. Pete yenye enameli haipanuliwi wala haipunguzwi, kwa hiyo pima kidole vizuri, tena mchana wakati wa joto kidole kikiwa kimejaa. Mwambie mteja aoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, asiipeleke kwenye mashine ya mawimbi ya sauti ya kusafishia vito. Na kipande kikirudi kimemeguka, kitoe kwanza kwenye fremu, kisha ukitie kwenye maji ya sabuni na brashi, ukikaushe siku nzima, ndipo ufikirie moto. Mafuta ya nywele yaliyoingia kwenye ufa yakichomwa yanaacha mstari mweusi ambao hutautoa tena.